Breki za Gari la Milango Miwili

Gari lilifika mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati magari ya mitumba kutoka Japani yalipokuwa yakimiminika Mombasa. Aliyelituma ni mume wangu. Alikuwa fundi wa mitambo katika meli za mizigo, na wakati ule alikuwa na miezi minane hajatia mguu nyumbani. Mimi nilikuwa nikisomesha Kiswahili katika shule ya msingi huko Likoni, na nilikaa Timbwani na mama mkwe wangu na wanangu wawili. Barua yake ilisema tu: "Nimekupatia gari. Utalipenda."

Siku nilipokwenda kulichukua bandarini nilidhani wamenipa la mtu mwengine. Nilikuwa nimejitayarishia gari la kubeba watu, lenye nafasi ya magunia nyuma. Nililoonyeshwa lilikuwa jekundu, fupi, milango miwili, limeinama mbele kama linataka kukimbia hata likiwa limezimwa. Viti vya maana vilikuwa viwili. Nyuma palikuwa na kipande cha kiti ambacho mtu mzima angekaa hapo magoti yamegusa kidevu. Nikamuuliza karani mara mbili kama karatasi ni zangu. Akanisomea jina langu kwa sauti, herufi kwa herufi, nikatia saini.

Kuendesha nilijua. Baba yangu alikuwa na minazi na pikapu kuukuu, na kabla sijaolewa mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea nazi zake sokoni Kongowea. Kwa hivyo niliketi, nikarekebisha kioo, nikatoka taratibu. Njia nzima watu walinitazama. Nilikuwa nimevaa buibui, nimeketi chini karibu na lami, na sikujua niwatazame au niangalie mbele.

Kwenye mteremko wa kushukia kivukoni, upande wa kisiwani, nikakanyaga breki. Mguu ukazama. Nikakanyaga tena, ukazama hadi sakafuni, na gari likawa linaendelea kushuka polepole, kwa adabu kabisa, kuelekea baiskeli ya mtu aliyebeba makreti ya mikate. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Gari likasimama. Yule mtu wa mikate akageuka, akaona pua nyekundu imekaribia gurudumu lake, akasema, "Dada, una haraka ya wapi na feri haijafika?"

Nikavuka hivyo hivyo, nikafika Timbwani kwa gia ya kwanza. Mama mkwe alitoka barazani, akalizunguka gari mara moja, leso yake ameishika mdomoni.

"Hini ndiyo gari aliyokuletea mume wako?"

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tutakaa wapi?"

Nilimwambia sijui. Nilimwambia pia kuwa breki zake hazishiki. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu ameniandikia kuwa ni gari nzuri," akaingia ndani. Sikujua kama alikuwa akimtetea mwanawe au akinihurumia mimi.

Wiki ile mume wangu alipiga simu shuleni. Simu ilikuwa moja, ofisini kwa mwalimu mkuu, na ilikuwa lazima useme upesi kwa sababu yeye mwenyewe aliketi pale pale akijifanya anasahihisha madaftari. Nilimweleza mume wangu habari ya mguu kuzama. Sauti yake ilikuwa ikija na kupotea kama mtu anayezungumza akipigwa na upepo.

"Usitie za kawaida," alisema. "Lile ni gari la spoti. Lina nguvu. Litie breki za spoti, umenisikia? Diski zenye..." Hapo ikakwaruza. "...matundu. Na padi ngumu."

"Zenye matundu au zisizo na matundu?"

"Matundu! Nakwambia..."

Simu ikakatika. Nilibaki na kalamu mkononi. Nyuma ya daftari langu nilikuwa nimeandika: diski, matundu, padi ngumu. Mwalimu mkuu akauliza kama nyumbani kuna salama. Nikasema salama, ni habari ya matundu.

Mimi ni mtu wa maneno. Nilizoea kuwaambia watoto kwamba kila kitu kina jina lake, na ukilijua jina umeshakijua kitu nusu. Sasa nilikuwa na majina matatu na sikujua hata kimoja kinakaa wapi.

Jumamosi nilivuka tena, nikalipeleka gari Changamwe kwa fundi niliyeelekezwa na mwalimu mwenzangu. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, na karakana yake ilikuwa uwanja wa mabati nyuma ya barabara ya malori. Aliponiona nikishuka, akacheka, si kwa ubaya.

"Mwalimu, hii gari ni yako?"

"Ni yangu."

Akalipandisha kwa jeki, akafungua gurudumu la mbele, akaniita nichungulie. Akanionyesha sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Hiyo ndiyo diski. Akanionyesha vipande viwili vilivyoibana kutoka pande mbili. Hizo ndizo padi. Ukikanyaga, mafuta ya breki yanasukuma, padi zinaibana diski, gari linasimama. Nikafurahi, kwa sababu hilo lilieleweka. Furaha yangu haikudumu.

"Padi zimeisha," alisema. "Diski zimekwaruzika. Na haya mafuta, angalia." Alichovya kipande cha waya ndani ya kichupa, kikatoka cheusi kama kahawa. "Haya yamezeeka, yameingia maji. Lakini mwalimu, hizi vitu za kawaida zitatosha. Tuweke padi za kawaida, twende."

Nikamwambia mume wangu amesema zisiwe za kawaida. Akafuta mikono, akafikiri.

"Yeye ni fundi?"

"Ni fundi wa meli."

"Meli haina breki," alisema, kisha akajuta, akaniomba radhi.

Nilikaa kwenye tairi kuukuu, daftari magotini. Mume wangu yuko mbali lakini analijua gari hili, ndiye aliyelichagua. Fundi yuko karibu na ameliona kwa macho yake. Mmoja anasema ngumu, mwengine anasema kawaida. Nilimuuliza fundi, ngumu ni bora au si bora? Akasema, "Inategemea." Inategemea nini? Akaanza kunieleza habari ya joto, uzito, kasi, na mashindano ya magari aliyowahi kufanyia kazi huko kwao bara, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kupotea. Mwishowe aliniandikia vipimo kwenye karatasi, akasema nikanunue ninachotaka, yeye atafunga.

Duka la spea lilikuwa Kongowea, upande wa nyuma wa soko, mahali ambapo mikokoteni ya vitunguu inakulazimisha ujibanze ukutani. Mwenye duka alikuwa mzee wa ukoo wa zamani wa pwani, kofia iliyodariziwa kichwani, amezungukwa na taa, vioo na milango ya magari yaliyokatwa vipande vipande huko Japani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kiti, akaniulizia wazee wangu wote kabla ya kuniuliza shida yangu.

Nilipomsomea daftari langu, macho yake yaling'aa.

"Ahaa! Bibi, wewe unajua unachotaka. Wengi wanaokuja hapa hawajui."

Kwa aibu sikumwambia kwamba nami ni mmoja wao. Akatoa diski mbili zimefungwa kwa gazeti la Kijapani. Zilikuwa zimetobolewa matundu madogo kwa mistari, kama chujio la jikoni, nami niliziona nzuri mno. Kumbe yapo! Basi ni zenye matundu, nilijiambia, kwa sababu zisizo na matundu hazina haja ya kusemwa; mtu hatamki kitu kisichokuwepo. Hiyo ndiyo akili niliyotumia.

Kisha akatoa padi, ndogo, nzito, rangi ya majivu, ndani ya boksi lenye maandishi ambayo si yeye wala mimi aliyeweza kuyasoma.

"Wallahi, hizi zikishika, zimeshika," alisema. "Zikishapata moto, gari linasimama kama limegonga ukuta."

"Na kabla hazijapata moto?"

Akanitazama, akatabasamu. "Bibi, zitapata moto tu, inshallah."

Lile jibu lilinikaa vibaya. Nilijua kuna kitu ndani yake. Lakini mzee alikuwa ameshaanza kuzifunga, na mume wangu alisema ngumu, na zile zilikuwa ngumu. Nilizigonga kwa ukucha nikasikia. Nikazichukua.

Fundi alipolifungua boksi aliguna. "Mwalimu, hizi ni za mashindano."

"Zinaingia?"

"Zinaingia."

"Basi zitie."

Alisita. Nadhani kama ningekuwa mwanamume mwenzake angenifokea na kukataa. Alizitia, akaniambia niende polepole siku za mwanzo. Mafuta meusi yalibaki mle mle. Siku ile hakuwa na mengine, nami nilikuwa na haraka ya kuvuka kabla ya foleni ya jioni.

Kutoka Changamwe hadi kivukoni breki zilinishangaza kwa uzuri. Nikigusa kidogo, gari linasimama kwa kishindo, na zinalia. Zilikuwa zikilia sauti kali ya chuma, watu wanageuka, mbuzi wanakimbia. Nilifika nyumbani nimechoka kwa haya lakini nimeridhika. Nikamwambia mama mkwe kwamba sasa linasimama. Akasema, "Nimelisikia. Mtaa mzima umelisikia."

Jumatatu asubuhi mama mkwe alikuwa na miadi ya macho hospitalini, nikaomba ruhusa shuleni, naye akakubali, kwa mara ya kwanza, kupanda gari la mwanawe. Kumwingiza ilikuwa kazi. Aliketi, akakuta amezama kuliko alivyotarajia, akasema "Bismillahi" kama mtu aliyetumbukia shimoni. Tukaondoka. Gari lilikuwa baridi, limelala nje usiku kucha, asubuhi ilikuwa na umande.

Kwenye njia ya kutokea barabara kuu nikakanyaga breki. Safari hii mguu haukuzama. Kanyagio lilikuwa gumu, limesimama imara chini ya kiatu changu, na gari likaendelea kwenda. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Lilipunguza kidogo, kama mtu anayesikia lakini hataki kuitika. Mbele yangu palikuwa na lori la maji linapita barabarani. Nikakata usukani kushoto, tukaingia kwenye rundo la mchanga wa mtu anayejenga, pua ikazama, gari likazima.

Mchanga ulitumwagikia juu ya kioo. Mama mkwe alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Baada ya muda akauliza, kwa sauti ndogo, "Tumefika?"

"Bado, mama."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Wewe?"

"Nimepoteza kiatu."

Wajenzi walikuja wakatusukuma nyuma. Walikuwa wakicheka, lakini walikuwa na huruma. Mmoja akachungulia gurudumu, akasema breki zinaonekana mpya. Nikasema ndiyo, mpya kabisa, na hapo ndipo machozi yalinitoka, si kwa hofu, bali kwa kutoelewa. Zilipokuwa mbovu mguu ulizama. Sasa ni mpya, mguu hauzami, na gari halisimami. Juzi limesimama, leo halisimami. Hakuna kilichobadilika ila asubuhi.

Mama mkwe alikataa kushuka. Nilidhani atataka kurudi nyumbani kwa miguu. Akasema miadi ni miadi. Tukaenda, mimi nikiendesha kama mtu anayebeba mayai, nikikanyaga breki mara kwa mara bila sababu. Na kumbe hapo ndipo zikapata moto. Karibu na kivuko, mkokoteni ulipoingia mbele, nikakanyaga kwa ile nguvu niliyojifunza rundoni, na gari likasimama ghafla hata kitambaa cha mama mkwe kikamfunika macho. Akakirudisha nyuma polepole.

"Gari hini ina wazimu," alisema. "Si wewe. Ni yo."

Sikuwahi kumshukuru vya kutosha kwa maneno yale. Alikuwa mtu wa maneno machache, na miaka yote kabla ya hapo nilikuwa naamini hanipendi sana.

Barua ya mume wangu ilifika siku nne baadaye. Alikuwa ameiandika kabla ya ile simu, imezunguka bandari mbili. Kurasa mbili za mwanzo zilikuwa salamu na habari za bahari. Ukurasa wa tatu ulisema: "Breki zake nadhani zimechakaa. Tafuta padi nzuri za barabarani, usikubali kuuziwa za mashindano, hazifai mjini." Niliusoma nikiwa nimesimama jikoni. Nikausoma tena nikiwa nimeketi. Nikampa mama mkwe, akausogeza mbali na karibu, akanirudishia kwa sababu macho yake yalikuwa bado na dawa, ikabidi nimsomee.

"Sasa lipi ni lake?" aliuliza. "La simu au la barua?"

Hilo ndilo nililomuuliza mwenyewe alipopiga tena. Safari hii sikumjali mwalimu mkuu.

"Uliniambia padi ngumu."

"Nilikwambia usikubali padi ngumu."

"Ulisema lile ni gari la spoti, lisitiwe za kawaida!"

"Nilisema zisiwe za kawaida mbovu. Kuna nzuri. Za kati. Nilikueleza yote."

"Hukueleza. Ilikuwa ikikwaruza."

"Mimi nilikusikia vizuri kabisa," alisema, na hapo hasira zangu zikaisha nguvu, kwa sababu niliona kwamba inawezekana. Inawezekana yeye alizungumza maneno yote, na kwangu yakafika nusu. Nikamuuliza kile nilichokuwa nikitaka kuuliza tangu bandarini. "Kwa nini ulinunua gari la watu wawili?"

Simu ikakwaruza, kisha sauti yake ikarudi.

"Niliona mwanamke anaendesha kama lile," alisema. "Bandarini, asubuhi, anapita peke yake. Nikakuona wewe."

Nilikuwa mama wa watoto wawili, ninasahihisha insha, ninachemsha maharage, ninampeleka mkwe wangu kwa daktari. Ni nani yule aliyemwona? Nilitaka kumcheka na nilitaka kumwambia arudi nyumbani. Nikasema, "Haya," simu ikaisha.

Nilirudi Changamwe. Fundi aliona mchanga kwenye matundu ya diski, hakuuliza. Badala yake aliniuliza maswali ambayo tangu mwanzo hakuna aliyeniuliza.

"Mwalimu, unaendesha wapi?"

"Shuleni, sokoni, hospitali, kivukoni."

"Kasi gani?"

"Hamsini. Mara nyingi haifiki."

"Unabeba nani?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. Akasema padi za mashindano zimetengenezewa mtu anayekimbia na kufunga breki, kukimbia na kufunga, siku nzima, hazipati nafasi ya kupoa. Mimi zangu hupoa kila nikisimama. Zikipoa hazishiki. Si mbovu, wala mimi si mjinga. Hazikutengenezewa maisha yangu.

Safari hii tulikwenda pamoja dukani Kongowea. Mzee alizipokea zile padi bila ubishi, akauliza, "Hazikupata moto?" Nikamwambia zilipata, lakini kwa kuchelewa. Fundi akachagua mwenyewe: diski nzima zisizotobolewa, na padi za barabarani zenye nguvu kidogo kuliko za kawaida. Akanipa nizishike. Niliziona kama zile zile. Akafunga kila kitu siku ile, akamwaga mafuta yote meusi, akatia mapya mara mbili hadi yakatoka meupe.

Gari likasimama. Baridi likasimama, moto likasimama, kwenye mteremko wa feri likasimama, na halikulia. Niliwaomba marafiki zangu walimu wapande wajaribu, kwa sababu sikujiamini. Nilipomuuliza fundi ni kipi hasa kilicholiponya gari, padi, diski au mafuta, alijikuna shingo. "Mwalimu, nimebadilisha zote pamoja. Mungu ndiye anajua." Mpaka leo nikisikia mtu anasema kwa uhakika kwamba tatizo lilikuwa hili na dawa ilikuwa ile, humwonea wivu kidogo.

Mume wangu alirudi likizo mwaka uliofuata. Siku ya tatu alisema twende Tiwi, sisi wawili, mama atabaki na watoto. Alikaa kwenye usukani, akawasha, gari likaruka likazima. Akawasha tena, likazima. Miaka mingi melini alikuwa hajaendesha kitu chochote, na hilo nililijua siku ile. Majirani walikuwa wakitazama. Alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa upande wangu.

"Endesha wewe," alisema.

Nikaendesha. Alitazama mashamba ya minazi, akaniuliza habari za watu wawili watatu aliowakumbuka, na kabla hatujafika nusu ya njia alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono wake umeshika mpini wa mlango. Nilipunguza mwendo ili asiamke. Nilimtazama kila barabara iliponyooka. Nilikuwa na mengi ya kumuuliza na sikujua nianze na lipi, basi nikaendelea kwenda.